Nasafiri Bukoba na watoto na mama yangu, ninunue kisanduku cha huduma ya kwanza au nijipangie mwenyewe?

SWALI

Shikamoo dada nesi. Samahani maelezo yatakuwa marefu, nikifupisha hutanielewa. Mimi naishi Tabata, nina watoto wawili, wa kwanza wa kiume ana miaka 7 na ana pumu, wa pili wa kike anaelekea miaka 4. Desemba hii tunakwenda Bukoba kwa wakwe, kuna harusi ya wifi yangu, na tunakwenda na mama yangu mzazi ambaye ana sukari na presha, anatumia vidonge. Mume wangu kazi imembana atatufuata baadaye kwa ndege, kwahiyo kwenye basi mtu mzima mwenye nguvu zake ni mimi peke yangu.

Kilichonifanya niandike ni safari ya mwaka jana. Tuliposimama kula Singida nikanunua chai nikapanda nayo kwenye basi, sijui hata nilikuwa nawaza nini, basi likaondoka kwa kishindo chai yote ikammwagikia binti yangu kwenye paja. Mtoto alilia hadi sauti ikakata. Konda akaleta lile sanduku la huduma ya kwanza, kulifungua ndani kuna bendeji moja imeshageuka rangi, funguo, na risiti za mizigo, basi. Abiria mmoja akatoa dawa ya meno, mwingine akawa anasema tutafute yai bichi, na mimi nilivyokuwa nimechanganyikiwa nikapaka ile dawa ya meno paja zima. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nyumbani nilikuwa nimepanga dawa zangu vizuri sana kwenye kopo, lakini kopo liko kwenye begi kubwa, begi liko kwenye buti, na buti halifunguliwi mpaka mtu afike anakoshukia. Hospitali tulifika baadaye sana, nesi akahangaika kuitoa ile dawa ya meno iliyokuwa imeshakauka juu ya kidonda na mimi nimemshika mtoto. Sitaki kukumbuka.

Sasa juzi nimepita Kariakoo nimeona kisanduku chekundu cha zipu, wanasema kina vitu 120, kuna plasta, bendeji, filimbi, dira, mkasi, blanketi linalong'aa kama foili, bei 95,000. Nimempigia mume wangu anasema huko ni kutupa hela, njia nzima ina maduka ya dawa. Mimi nina hofu. Nyumbani nina spiriti, pamba, amoxicillin iliyobaki mtoto alipougua kifua, Flagyl kidogo, diclofenac, na dozi ya mseto ya malaria ambayo haijafunguliwa. Nibebe hivyo? Au ninunue kisanduku? Na nafasi ni ndogo, nitakuwa na mtoto mapajani na mkoba mmoja tu.

Mama wa wawili, Tabata

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole, pole kweli. Barua yako nimeisoma mara mbili na nimeamua nikujibu kwa kirefu kwa sababu Desemba watu wengi wako kwenye hali kama yako, mama mmoja, watoto, mzee, na barabara ya karibu kilomita 1,400.

Kisanduku usinunue. Sisemi ni kibaya, mkasi na bendeji zake zinaweza kuwa nzuri tu, ila ukihesabu vile vitu 120 utakuta zaidi ya nusu ni plasta ndogondogo na vile vitambaa vya spiriti vya kufutia, ambavyo vikikaa dukani sana vinakauka hata kabla hujavifungua. Dira ya nini kwenye basi la Bukoba? Na ambacho hakimo ndicho unachokihitaji wewe, hamna ORS, ule unga wa kuchanganya na maji mtu akiharisha, hamna dawa ya homa ya mtoto, hamna pampu ya pumu, hamna sukari ya mama. Aliyekipanga hamjui mwanao wala hamjui mama yako. Unawajua wewe, kwahiyo kipange wewe, na kwa hiyo 95,000 utanunua kila kitu nitakachokutajia hapa na chenji inabaki.

Tafuta kipochi cha zipu, kile cha kuwekea vipodozi kinatosha kabisa, kiwe cha plastiki inayoonyesha ndani ili usiku ukimulika na simu uone kitu kilipo bila kumwaga vyote mapajani. Hicho kipochi kinakaa kwenye mkoba wako wa mkononi, na mkoba unakaa miguuni kwako. Sio juu kwenye keria ambako ukisinzia hujui nani kahamisha nini, na kwenye buti kamwe. Mwaka jana ulikosa maji na ukakosa kufikia dawa zako, dawa zenyewe ulikuwa nazo, hilo ndilo unalorekebisha safari hii. Buti lenyewe nalo linapata joto sana, na dawa nyingi zimeandikwa zikae chini ya nyuzi 30, angalia kwenye boksi utaona.

Tuanze na mama maana yeye ndiye mwenye hatari ambayo watu hawaitegemei. Hesabu siku zote za safari, kwenda kukaa na kurudi, halafu ongeza wiki nzima ya dawa juu yake. Harusi huwa zinasogea, tiketi za kurudi Januari zinaadimika, nimeshaona wazee wamekatiza dawa za presha siku tano kwa sababu tu walibeba za siku kumi. Dawa zikae kwenye pakiti zake zenye jina, usimmiminie kwenye kikopo kimoja, na kadi yake ya kliniki ipige picha kwenye simu halafu mtumie mumeo pia. Sasa kubwa ni sukari kushuka. Mzee amekunywa dawa yake asubuhi kama kawaida, basi limechelewa, chakula ambacho nyumbani angekula saa sita anakuja kukila saa tisa, hapo ndipo sukari inaanguka, hasa kama kwenye vidonge vyake kuna glibenclamide. Utamuona anatetemeka, jasho jembamba, anaongea vitu havieleweki, au mtu mpole ghafla amekuwa mkali. Ukiona hivyo usisubiri kipimo. Mpe vijiko 3 au 4 vya chai vya glukosi kwenye maji, au soda ya kawaida nusu glasi na zaidi kidogo, iwe ile yenye sukari na sio ile iliyoandikwa haina. Baada ya dakika 15 kama bado, rudia, akishatengemaa ale kitu cha kushiba, ndizi, mkate, chochote. Na kama amezimia usimtie kitu mdomoni hata kama watu wote wa basi wanapiga kelele umpe maji ya sukari, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mwambie dereva aelekee hospitali iliyo karibu. Kwahiyo pakiti ndogo ya glukosi iko kwenye kipochi, na biskuti ziko kwenye mkoba, na biskuti hizo watoto wasizijue.

(Wanaosoma hapa ambao wazazi wao wanachoma insulini, ile mnayoitumia sasa ifungeni kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya mkoba na msiigusishe na barafu moja kwa moja, ikiganda imeharibika.)

Mtoto wa pumu. Pampu yake ya bluu iwe mbili kama uwezo upo, moja kwenye kipochi moja kwenye mfuko wako wa nguo. Zitikise, bonyeza mara moja hewani, na kama ina namba ya dozi zilizobaki iangalie, maana iliyoisha dawa inaweza bado kutoa hewa, kuna watu wanabeba pampu tupu wiki nzima bila kujua. Na miaka 7 wengi hawawezi kupuliza na kuvuta kwa wakati mmoja, dawa nusu inaishia kwenye ulimi, ndio maana hospitali wanampa spesa, ile chupa inayokaa kati ya pampu na mdomo wa mtoto. Kama hana, tengeneza. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, safisha, ikauke, toboa kitako chake tundu linalolingana na mdomo wa pampu, ichomeke, ziba pembeni na gundi ya karatasi isivuje, mtoto anaweka mdomo pale kwenye mdomo wa chupa. Usione ni kitu cha kubahatisha, madaktari wa Afrika Kusini walilipima jambo hili kwa watoto, wakalichapisha 1999, na chupa ilifanya kazi sawa na spesa ya kununua. Unabonyeza mara moja, anavuta na kutoa pumzi taratibu mara tano sita ndani ya chupa, ndipo unabonyeza tena. Akibanwa sana unaweza kwenda hivyo hivyo moja moja hadi 10 huku mnaelekea kituo cha afya, na kama baada ya hapo bado mbavu zinaingia ndani au hawezi kumaliza sentensi, usikubali kuambiwa mngoje mfike Kahama, popote penye hospitali mnashuka. Vumbi na mabadiliko ya hali ya hewa yatamsumbua, Dodoma na Singida joto, mkiingia Kagera mnakuta mvua na ubaridi, kwahiyo sweta lake liwe juu.

Sasa binti, na hapa nataka unisikilize vizuri. Dawa ya kuungua ni maji. Maji ya kawaida ya baridi yanayotiririka, dakika 20 ukiangalia saa, sio dakika mbili, na hata kama limeshapita saa moja au mawili bado yanasaidia, mradi yasizidi masaa matatu. Kwenye basi hakuna bomba, ndiyo, lakini kuna maji ya kunywa na abiria 50 kila mtu ana chupa. Omba. Watu watakupa, watu wetu kwenye shida ya mtoto hawakatai. Mvue nguo iliyoloa chai haraka isipokuwa kama imegandana na ngozi, mwagia taratibu, yakianza kuisha lowesha kitambaa safi weka juu na ubadilishe kila kinapopata joto, na mwili mwingine umfunike asipate baridi. Barafu hapana, dawa ya meno hapana, yai, asali, mafuta ya kupikia, unga wa ngano, vyote hapana, vinafungia joto ndani na vinaleta wadudu kwenye kidonda, na wewe umeshaona kazi ya kuvitoa. Malengelenge usiyapasue. Ukimaliza kupoza unafunika na ile nailoni laini ya kufunikia chakula jikoni, kata vipande vitatu vinne vikunje uweke kwenye kipochi, having'ang'anii kidonda na mtoto akifunuliwa hospitali hasikii maumivu ya kubanduliwa. Usiizungushe kama bendeji, ilaze tu juu. Kama sehemu iliyoungua ni kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe, au ni usoni, mkononi, sehemu za siri, au kwenye kiungo, hiyo ni hospitali hata kama ameacha kulia.

Homa yake. Beba sirapu ya paracetamol chupa moja ambayo haijafunguliwa na bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 5 au 10, la kupimia. Kijiko cha chai cha nyumbani usikiamini, kila kijiko na ukubwa wake. Hesabu ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kwahiyo mpime uzito kabla hujasafiri, tuseme ana kilo 14, kwa ile sirapu iliyoandikwa 120 kwa mililita 5 anapata mililita 6 hadi 8, kila baada ya masaa manne hadi sita na isizidi mara nne kwa siku. Andika hiyo hesabu kwenye karatasi, ya binti na ya kaka yake, ibandike kwenye chupa, maana saa nane usiku na mtoto anachemka hutakumbuka. Na kipimajoto cha betri, sio kile cha kioo chenye zebaki, kikivunjika kwenye basi ni balaa lingine. Aspirini kwa watoto hapana kabisa.

Tumbo ndilo litakalowapata kuliko yote, chakula cha njiani mnakijua. ORS pakiti nne au tano, hazina uzito wowote, na vidonge vya zinki. Nyingi ni za lita moja ya maji ila zipo za nusu lita, soma. Nunua chupa ya maji ya lita moja iliyofungwa, mimina pakiti NZIMA, tikisa. Usigawe pakiti nusu nusu, usichanganye na soda au juisi ili mtoto aipende, unaharibu vipimo vyake na kuharisha kunaweza kuzidi. Binti kila akiharisha anapata nusu kikombe hadi kikombe kimoja, kidogo kidogo, akitapika subiri dakika 10 uanze tena kijiko kwa kijiko. Ikipita siku nzima mwaga, tengeneza nyingine. Zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10, hata akipona siku ya tatu unaendelea, akina mama wengi huwa wanaacha hapo. Dawa za kufunga kuharisha kwa watoto hapana, najua kwenye basi kishawishi ni kikubwa lakini zinaweza kumfungia utumbo. Ukiona damu, au hawezi kunywa, au macho yameingia ndani na amelegea, ni hospitali.

Kutapika kwa ajili ya gari ni kitu kingine, pale mnapopanda na kushuka mlima Sekenke ndipo watoto wengi wanaanza. Kaeni siti za mbele, waangalie nje, asubuhi wasile chapati za mafuta mengi, na muulize mfamasia dawa ya kichefuchefu cha safari kwa umri wao, inanywewa kabla hamjaondoka stendi Mbezi, ukisubiri mtu aanze kutapika anaitapika na hiyo dawa yenyewe. Mifuko ya kutapikia beba ya karatasi ya kutosha.

Vilivyobaki ni vya haraka. Gozi safi za pakiti kama 10, bendeji mbili za kawaida na moja ya kuvutika kwa ajili ya mguu ulioteguka, plasta chache za ukubwa tofauti, gundi ya kubandikia, mkasi mdogo, kibano cha kutolea miiba, pini mbili tatu, sabuni kipande. Cetirizine kwa mwasho na mizio. Paracetamol za watu wazima. Glavu jozi nne, na hizi usizione za mapambo, watu wa Kagera walishapitia ugonjwa wa Marburg 2023 na Biharamulo tena Januari 2025, damu na matapishi ya mtu usiyemjua husafishi kwa mikono mitupu hata kama ni jirani yako wa siti. Mumeo kwa kuwa anakuja kwa ndege mwambie mkasi asiuweke kwenye begi la mkononi, watamnyang'anya uwanjani.

Na kanga. Mdogo wangu kanga yako ndiyo bendeji kubwa kuliko zote utakazobeba. Ikunje pembe tatu inabeba mkono uliovunjika, ukiichana mkanda inafungia mguu kwenye kipande cha ubao au gazeti lililokunjwa gumu, inafunika aliyeungua, inakandamiza damu, ni pazia mama akitaka kubadilisha nguo njiani. Beba doti moja safi iliyofuliwa na kupigwa pasi, iweke ndani ya mfuko wake peke yake, hiyo usiitumie kumfutia mtoto pua.

Ulivyovitaja nyumbani, karibu vyote viache. Amoxicillin iliyobaki, kwanza hakutakiwa kubakisha, dozi huwa inamalizwa, na kama ni ile ya unga iliyokorogwa maji hiyo imeshakufa zamani, mwaga. Flagyl kidogo hivyo hivyo, nusu dozi haimponyi mtu, inafundisha wadudu tu kuizoea dawa. Diclofenac kwa mama mwenye presha na sukari ndiyo naikataza kwa herufi kubwa, inapandisha presha na figo zake tayari zina kazi ya kutosha, maumivu mpe paracetamol. Spiriti inachoma nyama ya kidonda, kidonda kinaoshwa kwa maji safi na sabuni, mengi, mpaka mchanga utoke. Pamba nayo usiweke moja kwa moja kwenye kidonda, nyuzi zinanasa, ndiyo maana nikasema gozi. Damu ikitoka weka gozi au kanga kandamiza kwa mkono dakika 10 huku unaangalia saa, na usifunue funue kuchungulia, kila ukichungulia unang'oa kile kilichoanza kuganda. Ikipenya ongeza kitambaa juu, cha chini usikitoe.

Mseto. Hapa najua utanibishia maana unakwenda Kagera na malaria ya huko sio ya Dar. Lakini homa ya mtoto inaweza kuwa mapafu, mkojo, masikio, na ukimpa mseto bila kupima unapoteza siku mbili tatu ambazo ugonjwa mwingine unapata nguvu. Kipimo cha haraka kipo hadi zahanati za vijijini, tone moja la damu, majibu ndani ya nusu saa. Mtoto akipata homa mkishafika, mpeleke siku hiyo hiyo, usingoje harusi ipite. Badala ya mseto beba chandarua chenye dawa, nyumba ikiwa na wageni wa harusi 30 vyandarua vya mwenyeji havitoshi.

Nimjibu na shemeji. Hajakosea, maduka yapo. Haya Maduka ya Dawa Muhimu tunayoyaona kila mji mdogo yalianza kwa majaribio Ruvuma 2003 na sasa yako nchi nzima, nami nashukuru kwamba yapo. Ila mabasi sasa yanatembea usiku tangu yaruhusiwe tena 2023, na saa tisa usiku kati ya Nzega na Kahama lile duka limefungwa, mwenye nalo amelala, na dereva hasimami. Kipochi ni cha kukufikisha hadi kwenye duka au hospitali. Ndiyo maana kinaweza kuwa kidogo. Namba 112 ni ya dharura, iandike kwenye simu ya mama pia, na kadi za bima za wote zikae humo humo kwenye kipochi.

Kuna mambo mawili ya huko ambayo kipochi hakiyatibu. Ziwa, watoto wataomba kuogelea, kichocho kipo, wakatalie. Na senene, mtafika msimu wake, mkweo atawakaangia kwa upendo wote na ni watamu, lakini kama kuna mtu katika familia yenu ambaye akila kamba wa baharini anawashwa au midomo inavimba, na senene wanaweza kumfanyia hivyo hivyo. Huyo ni heri asiwale kabisa. Mdomo au koo likivimba au pumzi ikibana, cetirizine haitoshi, kimbizeni hospitali.

Na karanga na mahindi ya kuchoma yanayouzwa dirishani, mdogo huyu asile basi likiwa linatembea. Akipaliwa hawezi kukohoa wala kulia, mlaze kifudifudi mapajani kichwa chini, mpige kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega mara 5, ikikataa simama nyuma yake mkumbatie juu ya kitovu uvute ndani na juu mara 5, rudia. Hili jaribu nyumbani kwa mwanasesere, na mama yako akiwa anaangalia, na mwanao wa miaka 7 pia mwonyeshe kipochi kilipo na pampu iko upande gani. Siku moja kabla ya safari zima taa usiku, washa simu, jipime kama unaweza kutoa glukosi, pampu, na gozi bila kuuliza mtu. Ukishindwa panga upya.

Mwisho, kovu la ile chai kwenye paja la binti, kama limebaki. Umeandika kinachokuuma na nimekiona. Wewe ulipaka dawa ya meno kwa sababu ndicho basi zima lilichokuwa linakijua, na hata mimi kabla sijasomea kazi hii kwetu tulipakwa hivyo hivyo. Binti yako hatakumbuka dawa ya meno, atakumbuka ulimshika. Lipake mafuta ya mgando kila akitoka kuoga, lisugue taratibu kwa kidole kwa mizunguko, jua kali lifunike. Kama limeinuka, linawasha usiku, au limepita karibu na nyonga na unaona akichuchumaa ngozi inavuta, mpeleke kliniki ya ngozi kabla hamjasafiri, anakua na ngozi ya kovu haikui kwa kasi yake, huwa kuna mazoezi na matibabu yake na yakianza mapema ni mepesi. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie dawa ya asubuhi siku ya safari asiinywe mpaka awe na kitafunwa mkononi.